Mjadala: Wanaofukua rupia za Mjerumani Tabora tuwazuie, au tuwaache?

MLETA MADA:
Wakuu, habari za jioni. Nimerudi juzi kutoka Tabora kwenye msiba wa mjomba, na kuna jambo limenikaa rohoni.

Siku ya pili ya matanga nilisikia mlio nyuma ya nyumba, tii, tii, tiii. Chini ya miembe walikuwa vijana watatu na mashine ya kupimia madini, ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, pamoja na jembe moja. Mashimo yalikuwa kila mahali. Walikuwa wamepata heller moja, ile sarafu ndogo ya Mjerumani iliyo chini ya rupia, na mmoja wao alikuwa ameikamulia ndimu na anaisugua kwa mchanga. Upande wenye taji la Kaizari ulishafutika, imebaki shaba tupu inayong'aa. Akaniamkia, kisha akauliza, "Mzee, hii Wazungu wanachukua bei gani?" Niliumia. Mwenye kukusanya sarafu anataka ile kutu yake na maandishi yake. Iliyosuguliwa haina mnunuzi.

Lakini si bei inayonisumbua. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, njia ya bahari ikiwa imefungwa na Waingereza, Wajerumani walipiga fedha Tabora, kwenye karakana ya reli. Zilitoka heller 5, heller 20, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye tembo na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Fedha zile walilipwa askari na wapagazi, yaani babu zetu. Heller 20 iliyolala chini ya mwembe fulani inaweza kutuonyesha wapagazi walilala wapi, gulio lilikuwa wapi. Ikishatiwa mfukoni bila mtu kuandika ilipotoka, haisemi kitu tena.

Mimi nasema wazuiwe.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Pole kwa msiba, mkuu. Ila hapo sikubaliani nawe. Vijana hao hawana ajira, na sarafu zile ziko ardhini zaidi ya miaka 100 bila mtu kuzitafuta. Uingereza wenye mashine hizo wanaruhusiwa mradi wawe na idhini ya mwenye shamba. Tangu sheria ya 1996, ukipata hazina unatoa taarifa, makumbusho ikiitaka unalipwa, na mwenye ardhi anapata fungu lake. Vitu vya kawaida navyo vinaandikishwa kwa hiari. Kwetu kijana akipeleka heller ofisini atanyang'anywa, na pengine alale ndani. Nani atapeleka?

MCHANGIAJI WA PILI:
Naongezea la sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Rupia ya 1916 haimo humo mpaka itangazwe rasmi kuwa ya kulindwa. Kwa hiyo mleta mada, unataka wazuiwe kwa kifungu gani?

MLETA MADA:
Ahsanteni, ndugu zangu. Hoja ya 1863 imenigusa kweli. Mwaka huo umesimama palepale, sisi tunazidi kusogea. Fedha iliyopigwa Tabora kwenyewe, vita vikiwa mlangoni, kukosa ulinzi ni aibu, na hapo ndipo pa kuanzia. Hata la malipo nakubali. Kijana alipwe, na alipwe palepale.

Ila "ziko ardhini bila mtu kuzitafuta" sikubali. Kumbukeni Mtambwe Mkuu, Pemba, 1984. Wataalamu walifukua sarafu za madini ya fedha zaidi ya 2,000, vijipande vidogo vyenye majina ya watawala wa huku kwetu, havina mwaka hata kimoja. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za Kifatimi, yaani za watawala wa Misri wa enzi hizo, na hizo zina mwaka. Kwa dinari hizo ikajulikana kuwa Waswahili walikuwa wakipiga fedha zao karne ya 11, mapema kuliko ilivyodhaniwa. Sasa fikirieni lingetangulia jembe la kijana mwenye njaa. Dhahabu ingekwenda kwa sonara ikayeyushwa, zile ndogo wakagawiwa watoto wachezee, na miaka 200 ya historia yetu ingepotea siku moja. Hiyo ndiyo hofu yangu, wala sina chuki na vijana.

Na wapo wanaowauzia vijana hao ramani za "mali ya Mjerumani" kwa laki kadhaa. Hao ndio wa kukamatwa kwanza.

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, mpaka sheria ibadilike, wale watatu uliwaambiaje?

MLETA MADA:
Niliwaomba wasisugue tena, na wakipata kitu waandike kilipotoka kabla hawajakitia mfukoni. Mwenye jembe aliniomba kalamu. Nikamchania karatasi kwenye daftari la rambirambi, naye akaandika: "Heller 1, mwembe wa tatu kutoka kisimani, futi moja na nusu." Ile karatasi ninayo hapa.