Chuchu zimepasuka: ninunue krimu ya lanolini, vifuniko vya silikoni au pampu?

MamaMpya_Mpwapwa
Habari zenu nyote. Mume wangu anakwenda Dodoma mjini kesho asubuhi, na fedha tuliyo nayo inatosha kununua kitu kimoja tu. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, na chuchu zote mbili zimepasuka kiasi kwamba mtoto akianza kulia kwa njaa, mimi ninatangulia kutokwa na machozi. Nimeambiwa kuna krimu ya lanolini, kuna vifuniko vya silikoni vinavyovishwa juu ya chuchu wakati wa kunyonyesha, na wengine wananishauri ninunue pampu ili nikamue na kuzipumzisha chuchu. Kipi kati ya hivi vitatu ni bora? Naomba majibu kabla hajaondoka.

MamaWawili_Nakuru
Pole sana, dada. Bila kusita, nunua lanolini. Ni mafuta yanayotokana na sufu ya kondoo, hupakwa kidogo sana baada ya kunyonyesha, na ikiwa ni lanolini safi huhitaji kuifuta kabla mtoto hajanyonya tena. Kazi yake ni kuizuia ngozi isikauke na kufanya gaga, kwa sababu gaga likishajitengeneza, mtoto hulibandua kila anaponyonya na kidonda kinaanza upya. Niliitumia kwa watoto wangu wote wawili na singeweza kuvuka juma la pili bila hiyo.

Mkunga_Mstaafu
Mwanangu, umetutajia vitu vitatu vya dukani, lakini hukutuambia lolote kuhusu mtoto. Ana umri gani? Maumivu yanakuja mwanzoni tu mtoto anaposhika titi na kisha yanapungua, au yanadumu mpaka anapoachia? Chuchu ikitoka mdomoni ina umbo gani: ya mviringo, au imebapa upande mmoja? Ndani ya mdomo wa mtoto kuna utando mweupe usiofutika, yaani fangasi? Je, ulimi wake unaweza kutoka nje kupita ufizi? Na mpaka sasa umekuwa ukipaka nini? Bila majibu hayo, kila atakayekushauri hapa atakuwa anakisia tu.

BiMwanahawa_Tanga
Maswali yote hayo ya nini, wakati mama anaumwa? Mafuta ya nazi, yale ya kukamuliwa nyumbani, yanatosha. Huku Tanga tumelea watoto kwa mafuta hayo tangu kabla hao kondoo wenu hawajajulikana madukani. Hayana gharama, hayana harufu mbaya, na mtoto akiyalamba hayamdhuru. Huyo mume asipoteze nauli kwa ajili ya kijitubu.

MamaMpya_Mpwapwa
Shikamoo, mama mkunga. Mtoto ana siku tisa. Maumivu yanadumu tangu mwanzo hadi mwisho, na chuchu ya kulia inatoka ikiwa imebapa na ina mstari mweupe katikati. Huwa ninaosha kwa sabuni kila kabla ya kunyonyesha, kwa kuwa mama mkwe amesisitiza usafi, kisha ninapaka mafuta ya mgando. Shikamoo, bibi Mwanahawa. Mafuta ya nazi huku kwetu hayapatikani kwa urahisi.

Mkunga_Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Sasa tunazungumza. Chuchu inayotoka ikiwa imebapa ni dalili kwamba mtoto anaibana kati ya ulimi na kaakaa, maana yake ameshika chuchu peke yake badala ya kushika sehemu kubwa ya ile duara nyeusi inayoizunguka. Hakuna krimu inayoweza kushinda jambo linalorudiwa mara nane au kumi kwa siku. Fanya hivi: mpakate mtoto tumbo lake likigusa tumbo lako, pua yake ielekee chuchu, igusishe chuchu kwenye mdomo wake wa juu na usubiri afunue mdomo wazi kabisa, ndipo umsogeze yeye kwenye titi, wala usilisogeze titi kwake. Akishika vizuri utaona kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umebinukia nje, na weusi unaoonekana juu ya mdomo ni mwingi kuliko wa chini. Ikiuma baada ya sekunde chache za mwanzo, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake ili aachie, kisha uanze tena, usimvute.

Sabuni iache leo hii. Ngozi ya pale ina vitezi vyake vinavyotoa mafuta ya kuilinda, na sabuni huyaondoa. Maji ya kuoga yanatosha. Mama mkwe umwambie kwa upole kwamba ni agizo la mkunga, nitabeba lawama mimi.

UmmuSalim_Mombasa
Ninaomba niongee kwa kirefu kuhusu vifuniko vya silikoni, kwa sababu ninaona dada anavifikiria na hakuna aliyemwonya. Mimi niliuziwa katika duka moja la dawa na muuzaji ambaye hakuuliza hata ukubwa. Alitoa paketi rafuni na kusema vyote ni sawa. Si kweli, vina saizi, na kifuniko kikiwa kidogo kinaibana chuchu yenyewe na kuongeza kidonda. Siku za kwanza nilimsifu mno, kwa sababu maumivu yalipungua kweli. Lakini mtoto alikuwa akinyonya ncha ya silikoni tu, maziwa yakawa hayatoki yote, titi la kushoto likawa gumu na lenye joto, pakatokea wekundu, kisha nikapata homa ya kutetemeka usiku. Hospitalini nikaambiwa ni maambukizi ya titi, nikapewa antibiotiki, na nikaelezwa kwamba nisiache kunyonyesha upande huo, kwa sababu maziwa yakibaki ndani ndipo jipu huweza kutunga. Nilikuwa nimekwisha kuliacha titi hilo kwa kumsikiliza jirani.

Shida haikuishia hapo. Homa ilipokwisha, mtoto alikataa titi lisilo na silikoni. Analia, anageuza uso, anatafuta ile plastiki. Kumwachisha kulihitaji subira kubwa: nilikuwa ninaanza naye akiwa na kifuniko, kisha ninakiondoa katikati ya kunyonya maziwa yakiwa yanatiririka, mara anakubali mara anakataa. Wakati huohuo uzito wake kliniki ulikuwa haupandi inavyotakiwa. Sisemi ni vibaya kwa kila mtu. Wapo ambao chuchu zao zimeingia ndani na vimewasaidia. Ila vitumike chini ya uangalizi wa mtu anayejua na mtoto apimwe uzito mara kwa mara, visiwe vya kuagizwa na mume anayewahi basi.

BabaImani
Kwa wanaobishana kati ya lanolini na mafuta ya nazi: mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaolinganisha tafiti za tiba, kuhusu chuchu zinazouma yaliona kwamba kutopaka kitu chochote, au kupaka maziwa ya mama mwenyewe, kunaweza kuwa sawa na lanolini au hata bora kwa muda mfupi. Yalibaini pia kwamba kwa wengi maumivu hupungua na kuwa madogo kati ya siku ya saba na ya kumi baada ya kujifungua, vyovyote walivyotumia. Majaribio yaliyochunguzwa yalikuwa manne tu, kwa hiyo si neno la mwisho. Lakini kukamua matone machache baada ya kunyonyesha, kuyapaka na kuyaacha yakauke hakuna gharama yoyote.

MamaWawili_Nakuru
Ndugu yangu, wastani wa kwenye utafiti haukuwa ukinyonyesha saa nane za usiku. Kama ingekuwa haisaidii, ningejua.

BiMwanahawa_Tanga
Na wengine hupaka asali, inakausha kidonda haraka kuliko vyote.

Mkunga_Mstaafu
Hapana, bibi, hapo sikubali. Asali isiguse mdomo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli, na utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia. Mafuta yako ya nazi sina ugomvi nayo, mradi ni safi.

MwalimuJioni
Mimi ningenunua pampu. Krimu itakwisha, pampu utaihitaji ukirudi kazini. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ya kazi ya Tanzania ya 2004 ni siku 84, zinapita upesi.

UmmuSalim_Mombasa
Mwalimu, hujui hata kama ameajiriwa. Na pampu yenye kikombe kisichomfaa, au inayovuta kwa nguvu, inajeruhi vilevile.

MwalimuJioni
Sheria hiyohiyo inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, lakini ni waajiri wangapi wanaoitekeleza? Ndiyo maana ninasema pampu.

Mkunga_Mstaafu
Akitaka kulipumzisha titi la kulia kwa siku moja, mikono inatosha. Anawe, aweke kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya weusi, abonyeze kuelekea kifuani kisha akamue bila kuteleza juu ya ngozi, na amnyweshe mtoto kwa kikombe. Parasetamoli inaruhusiwa.

Jambo jingine nitalisema kwa wote, na dada hana haja ya kulijibu hapa. Mama anayeishi na VVU akipata mipasuko inayotoa damu, asisubiri ushauri wa mtandaoni. Awahi kliniki, kwa sababu vidonda vya chuchu na maambukizi ya titi huongeza uwezekano wa mtoto kuambukizwa. Aendelee na dawa zake bila kuruka. Atakamua na kumwaga maziwa ya titi lenye damu huku akinyonyesha la upande mwingine kama ni zima, mpaka wahudumu watakapomwelekeza vinginevyo.

Kijakazi_wa_Songea
Kama kuna utando mweupe, mpakeni mtoto ile dawa ya zambarau, GV. Mama yangu aliitumia kwetu sote.

BabaImani
Kanada mwaka 2019 ilionya watu waache kuitumia kwa sababu ya hatari ya saratani. Zipo dawa nyingine za fangasi, kama nistatini ya matone. Na mama hutibiwa pamoja na mtoto, la sivyo wanaambukizana tena.

MamaMpya_Mpwapwa
Asanteni sana. Mdomoni hana utando, nimemulika kwa tochi ya simu. Ulimi unafika kwenye ufizi lakini sijaona ukipita, sijui kama hilo ni tatizo. Nimejaribu kumpakata kama mama mkunga alivyoeleza. Titi la kushoto limekuwa afadhali kweli, la kulia bado linaniuma. Mume wangu amekwisha kufika dukani na amepiga simu: kuna krimu ya chuchu, lakini muuzaji hana uhakika kama ni lanolini. Anunue?

MamaWawili_Nakuru
Asome nyuma ya boksi. Lanolini safi haina kiungo kingine, na haina manukato. Akiona orodha ndefu, airudishe.

Mkunga_Mstaafu
Kuhusu ulimi, mpeleke mtoto kituo cha afya akaangaliwe chini ya ulimi, na waangalie namna anavyonyonya upande huo wa kulia. Apimwe na uzito. Nguo za mikojo kwa siku ni ngapi?

NyotaYaKigoma
Samahani kwa kuingilia. Mimi wangu ana miezi saba, ameota meno mawili na ameanza kuniuma. Je, lanolini inafaa pia kwa alama za meno?

BiMwanahawa_Tanga
Mafuta ya nazi, mwanangu.