Familia ya Kamalondo: "Mwalimu, tumejuaje?"

*Kundi la simu la familia, mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, Kongo. Jumatano, jioni*

Mama Ketsia: Jambo sana familia. Ketsia amerudi kutoka shule na kaye (daftari) ya historia, macho mekundu. Swali la enterogasyo (jaribio la darasani): "Nani aligundua shaba ya Katanga?" Ameandika "watu wa zamani wa Katanga". Amekosa. Jibu la kwenye kaye ni Jules Cornet, 1892. Nimemwambia siku nyingine aandike Cornet, tumalize. Mwakani ana mtihani wa taifa, sitaki vita na mwalimu.

Tonton Fidèle: Ah mama, hapana! Mtoto ana haki. Bazungu hawakugundua kitu. Wahenga wetu walikuwa wanamuuzia Farao shaba Misri. Kuna ujumbe nilitumiwa, nitautuma hapa.

Tantine Mireille: Mpeni mtoto bukari kwanza, historia itangoja.

Mama Ketsia: Amekula, tantine. Sasa ananiuliza: kama Cornet ndiye wa kwanza, ile misalaba ya shaba waliyoiona makumbusho na darasa lao ilitengenezwa na nani? Nimekosa la kusema.

Yaya (kaka mkubwa) Didier: Jambo yenu. Nimetoka kusahihisha sasa hivi. Mama Ketsia, usimwambie aandike Cornet ili yaishe. Ukimwambia hivyo atajifunza kwamba shuleni ukweli haujalishi, alama tu. Hilo litamkaa kichwani kuliko historia yenyewe.

Swali lake la misalaba ndilo swali zuri. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi yalichimbuliwa kuanzia 1957. Humo wamekuta wafu waliozikwa na misalaba ya shaba, na ni ya karne nyingi kabla ya Cornet kuzaliwa. Watu waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa kwenye tanuru za udongo wa kichuguu. Mfalme Msiri alijitajirisha kwa shaba hiyo pale Bunkeya, mji wake mkuu, na aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Cornet amefika shaba ikiwa na wenyewe.

Tonton Fidèle: Si ndiyo nilisema!

Yaya Didier: Hapana tonton, samahani, na heshima yote. Umesema Farao. Tumejuaje hiyo? Nani amekuta shaba ya Katanga kwenye kaburi la Misri? Biashara ya Msiri tunaijua: ilienda mashariki hadi pwani ya Waswahili, na magharibi hadi Angola. Tukimruhusu Ketsia kumuuliza mwalimu, aruhusiwe kutuuliza na sisi. La sivyo tunamhamisha tu kutoka kukariri kaye hadi kukariri simu ya tonton.

Tonton Fidèle: Ujumbe ulikuwa na picha lakini.

Yaya Didier: Picha ya nini, tonton?

Tonton Fidèle: Ya piramidi.

Mama Ketsia: Basi Cornet alifanya nini? Nisije nikamwambia mtoto kwamba mwalimu ni mwongo.

Yaya Didier: Mwalimu si mwongo, na Cornet kazi alifanya. Alikuwa mwanajiolojia Mbelgiji. Alipita na msafara 1892, akaonyeshwa mashimo ambayo wenyeji walikuwa tayari wanachimba, akapima miamba, akaandika ripoti. Kwa ripoti za namna hiyo Wabelgiji walijua kuna mali kiasi gani; 1906 wakaunda kampuni ya madini, Union Minière, na 1911 tanuru za hapa Lubumbashi zikaanza kuyeyusha. Hilo lifundishwe, ni sehemu ya mji wetu. Ila lifundishwe pamoja na waliomtangulia.

Na mwalimu wake mumuonee huruma. Tangu shule ya msingi ilipokuwa bure 2019 watoto wamejaa, benchi la watatu wanakaa watano. Kitabu ni kimoja, yeye anakinakili ubaoni, watoto wananakili ubao. Mkono ukiinuka anaona saa inakwisha. Ninafundisha, ninaujua uchovu huo.

Kambo: Jambo yenu bote. Mi ninasoma yote mulisema. Wakati nilikuwa mutoto monpère (padri) alitufundisha mito ya Ubelgiji, Meuse na Escaut, mbele ya Lualaba. Ukisahau, fimbo. Hakuna mutoto aliuliza Lualaba inatoka wapi, na baba yangu alizaliwa kwa maji ya Lualaba. Muache Ketsia aulize. Lakini aulize na adabu.

Mama Ketsia: Aksanti kambo. Adabu ndiyo inanipa hofu. Huyu mtoto ana mdomo.

Yaya Didier: Mdomo unafundishika. Angoje somo liishe, ainue mkono, aseme: "Mwalimu, tumejuaje?" Asiseme "umekosea". Akiulizwa kwenye mtihani, aandike: "Cornet alichunguza shaba ya Katanga 1892; wenyeji walikuwa wanaichimba tangu zamani." Msahihishaji atalikuta jina analolitafuta, na mtoto hajadanganya.

Tantine Mireille: Hiyo nzuri. Lakini kwenye hesabu na sayansi atauliza nini? Huko jibu si ni moja?

Yaya Didier: Tantine, huko ndiko ninakopenda zaidi! Kaye zote za mji huu zinasema maji yanachemka kwa digrii 100. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alitia kipimajoto kwenye sufuria, kikasimama karibu na 96. Darasa zima wakamwambia kipimajoto kimeharibika. Tukatia cha pili: 96. Yule mtoto akakataa kuandika 100 kwenye ripoti yake, na nilifurahi sana. Kitabu kinasema kweli kwa mtu aliye usawa wa bahari. Sisi tuko juu, mita kama 1,200. Hewa ya juu haikandamizi sana kama ya usawa wa bahari, maji yanachemka mapema. Ndiyo maana maharagwe ya hapa yanakula makaa.

Tantine Mireille: Kumbe! Na mimi kila siku ninamlaumu mwenye kuuza maharagwe.

Mama Ketsia: Ketsia amesoma juu ya bega langu. Anasema hakuamini yaya, anataka kuona mwenyewe. Samahani yaya.

Yaya Didier: Usiombe samahani! Jumamosi nitakuja na kipimajoto cha maabara. Washeni mbabula (jiko la makaa) saa tatu.

Tonton Fidèle: Cha nini, mimi ninacho cha homa hapa nyumbani.

Yaya Didier: Hapana tonton, hicho kinaishia 42, kitapasuka kwenye sufuria. Wewe lete makaa.