Klipu, koku au klipu ya silaha kwenye milango ya nakshi?

Nakshi_Bwy: Habari zenu wakuu. Najenga ramani ya OpenArena (ule mchezo huria wa kupigana risasi), mtaa mmoja wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo: kuta za matumbawe, mabaraza nje, milango ya nakshi. Milango ndiyo inanitesa. Fremu imechomoza yuniti 8 (vipimo vya injini) kutoka ukutani na maua nimeyachonga kwa brashi ndogondogo, yaani vipande vya kujengea ramani, basi mchezaji akikimbia kwa kuambaa ukuta ananasa pale kama kanzu kwenye msumari. Nimefunika mlango mzima kwa common/caulk, ile koku. Kunasa kumeisha, lakini mlango wenyewe umetoweka, na ukigeuka unaona mabaki ya picha yakiburutana pale ulipokuwa. Nitumie ipi?

Fundi_Ramani: Mkuu, usianze na jina la tekscha (picha inayopakwa kwenye brashi). Jiulize unataka kuzuia nini: jicho, mwili au risasi. Koku haichorwi, lakini kwa injini ni ukuta kamili. Inazuia mwili, risasi, hata hesabu ya nini kinaonekana kutoka wapi. Ndiyo maana umeupoteza mlango. Koku ipake kwenye nyuso ambazo hakuna atakayeziona: mgongo wa ukuta, chini ya baraza, ubavu uliogusana na brashi nyingine.

Klipu (common/clip) inazuia mwili tu. Roketi inapita, jicho linapita. Kwa fremu yako weka brashi ya klipu yenye mshazari kila upande, kutoka ukutani hadi kwenye ukingo wa fremu, na nyuso zote ziwe klipu. Mchezaji atateleza bila kuhisi kitu.

kaole_boi: Na nodroo, ile common/nodraw?

Fundi_Ramani: Haizuii chochote. Inafaa kwa kitu cha kupita katikati yake, mfano makuti yanayoning'inia: uso mmoja una picha ya makuti, mingine nodroo.

Pwani3D: Mimi napendelea klipu ya silaha (common/weapclip) kwenye nakshi. Kwa klipu ya kawaida mwili hauingii ila bomu linaingia, linadundadunda kwenye maua na kurudi upande usioutarajia.

Fundi_Ramani: Nakubali, kwa sharti moja: ilale juu ya nakshi kabisa. Ukiiacha mbele kwa yuniti 10, roketi inalipukia hewani na anayelenga anaumizwa na kitu asichokiona. Kwenye mchezo wa kushindana hiyo ni dhuluma kwa mchezaji. Kwa mshazari wa pembeni, ambako nafasi ni tupu, baki na klipu ya kawaida.

kaole_boi: Mimi nilikuwa na tundu kwenye dari nikaliziba kwa klipu. Programu ya kukompaili ramani ikaendelea kulalamika kwamba ramani inavuja, yaani ina upenyo wa kutokea nje.

Pwani3D: Lazima ilalamike. Klipu haizibi uvujaji. Fungua faili la uvujaji kwenye Radiant, programu ya kuchorea ramani, fuata mstari mwekundu mpaka unapotokea nje, ndipo pa kuziba, kwa ukuta au koku. Na brashi hiyo isiwe ya "detail" (iliyowekewa alama ya pambo tu), maana nayo haizibi. Ramani ikivuja, hatua ya vis, ile hesabu ya nini kinaonekana kutoka wapi, haifanyiki, na laptopu ya zamani itachora mji wote kwa wakati mmoja.

HL_Mkongwe: Wa Half-Life tukumbukeni. Kwetu CLIP ipo, na kazi ya kuficha nyuso inafanywa na NULL, iliyoongezwa na mashabiki wa mchezo kwenye programu zao za kukompaili. Kwenye Quake ya 1996 nako klipu ilikuwepo. Mwili hupimwa kwa umbo lake na risasi hupimwa kama nukta, kwa hiyo klipu iliwekwa kwenye hesabu ya mwili peke yake.

Nakshi_Bwy: Nimerudi. Mishazari ya klipu kila upande, klipu ya silaha imelala juu ya maua, koku nimeihamishia migongoni. Nimekimbia mtaa mzima nikiwa nimeegemea ukuta, sijanasa hata mara moja, na mlango unaonekana mpaka ukucha wa mwisho wa nakshi. Swali dogo: mabaraza nayo niyawekee klipu ya kupandia?

Fundi_Ramani: Yana kimo gani?

Nakshi_Bwy: Yuniti 16.

Fundi_Ramani: Yaache. Injini inampandisha mchezaji yenyewe mpaka yuniti 18. Ukiyainua yafike 24 atalazimika kuruka.