Mti ukianguka msituni na hakuna mtu, sauti inakuwepo au haipo?

Kikosa_Usingizi:
Wakuu habari za saa hizi. Usingizi umekata nimeanza kuwaza hii kitu, mti mkubwa unaanguka katikati ya msitu, hakuna mtu, hakuna mnyama, hata mdudu hakuna, je sauti inakuwepo? Kaka angu anasema lazima iwepo, eti mti utajuaje kama leo kuna msikilizaji au hamna 😂 mimi nasema sauti ni kitu cha masikioni, bila sikio ni hewa tu inatikisika. Tumebishana mpaka kaniacha kaenda kulala. Nani yuko sahihi?

Fundi Mawimbi:
Kaka ako. Sauti ni mtikisiko unaosafiri, kwenye hewa ya nyuzijoto 20 unaenda kama mita 343 kwa sekunde, uwepo usiwepo. Volkeno ya Krakatoa ilivyolipuka 1883, wimbi lake la hewa lilizunguka dunia zaidi ya mara moja na barometa (vile vipima mgandamizo wa hewa) za nchi za mbali kabisa, ambako hakuna aliyesikia hata kishindo, zikashtuka zote. Barometa ina masikio?

mama_maswali:
Haina, ndo maana haikusikia kitu, ilisukumwa tu. Mkuu hapo umethibitisha wimbi, sauti bado hujathibitisha. Chukua simu za waya za zamani, zile zilikuwa zinakata karibu mitetemo yote ya chini ya 300 kwa sekunde, na sauti ya mwanaume mtetemo wake wa msingi, yaani ule wa chini kabisa, uko kama 120 hivi. Yaani ule mtetemo wa msingi wa baba ako haukukufikia, lakini ulimsikia baba ako na besi yake ileile, sasa hiyo besi ilitoka wapi kama sio kichwani mwako? Ubongo unachukua mitetemo ya juu iliyopita kwenye waya unaijazia ya chini yenyewe. Kwa hiyo kuna vitu tunasikia ambavyo hewani havimo kabisa.

Fundi Mawimbi:
Hiyo ya simu nakubali. Ila mti ni mti.

Juha Kalulu2:
Mnabishania neno tu wazee. Na Kiswahili chetu ndo kinachanganya zaidi, manake mtu anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia harufu, sikio halijahusika popote 😂

Kikosa_Usingizi:
Haya na nikiacha kinasa sauti pale msituni halafu nikaja kusikiliza wiki ijayo?

mama_maswali:
Hapo pazuri. Kuna Mfaransa, Scott de Martinville, miaka ya 1850 alitengeneza mashine ya kuchora sauti kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Kuchora tu, kuipiga tena ilikuwa haiwezekani na wala hakukusudia. Mchoro wake mmoja wa 1860, mtu anaimba, ulikuja kusikika 2008 kwa kompyuta, na waliousikia wakajua ni msichana. Baadae ikagundulika waliuendesha kasi mno, wakapunguza mwendo likatoka dume zima, pengine Scott mwenyewe. Sasa niambieni ile miaka 148 kwenye karatasi kulikuwa na sauti ya nani, ya msichana au ya dume?

Fundi Mawimbi:
Ya dume! Si ndo aliyeimba?

mama_maswali:
Aliyeimba ndiyo. Nimeuliza ya kwenye karatasi.

Kikosa_Usingizi:
Ngoja nikamuamshe kaka.