Misuli inarukaruka, miadi ya bingwa ni wiki sita mbele. Nikae vipi na hofu hii?

Kope_Macho:
Wakuu, naomba ushauri. Hii ni wiki ya tano misuli inarukaruka yenyewe: zaidi vigimbi vyote viwili, mara kope, mara bega la kushoto. Inacheza sekunde chache, inakoma, inahamia kwingine. Haiumi, ila mguu wa kushoto nauhisi mzito. Daktari wa kawaida amepima nguvu, amegonga magoti kwa kinyundo, akasema yuko radhi na anachokiona. Hata hivyo ameandika rufaa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Tangu nisome mtandaoni kuhusu ALS (ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli) silali. Kutwa natembea kwa visigino, nasimama mguu mmoja, napiga picha viganja nilinganishe. Dalili ipi ni ya hatari kweli? Na wiki sita hizi nazivukaje?

Mshipa_Wa_Fahamu:
Pole sana mkuu. Tenganisha kwanza mambo mawili ambayo hofu huyachanganya: kuhisi mguu mzito, na mguu kushindwa kazi. Kushindwa huonekana hata na mtu wa pembeni. Ncha ya kiatu inaburuta, ufunguo haugeuki kitasani, vifungo vya shati ulivyovifunga mwezi jana leo havifungiki. Kwa ALS hali hiyo haiji asubuhi ikaisha jioni. Inabaki, na wiki hadi wiki inazidi. Kurukaruka kunakohama hamahama, mwili ukiwa umetulia, huku nguvu zikiwa kamili, mara nyingi sana si ugonjwa huo. Mwaka 1993 watafiti wa Mayo Clinic walichapisha ufuatiliaji wa watu 121 waliothibitika kuwa na mirukoruko isiyo na madhara, wengine kwa zaidi ya miaka 30. Hakuna hata mmoja aliyepata ALS.

Usisubiri miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona haya: kukosa pumzi hasa ukilala chali, udhaifu unaopanda kutoka nyayoni kwenda juu ndani ya saa au siku chache, ganzi katikati ya mapaja pamoja na kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, upande mmoja wa uso kulegea ghafla, au mkojo mweusi kama kahawa pamoja na maumivu makali ya misuli. Ulimi ukianza kuwa mzito wa kutamka, ukipaliwa mara kwa mara, kope zikilegea au ukaanza kuona vitu viwili viwili, piga simu miadi isogezwe mbele.

Pumzi_Taratibu:
Mimi naona tatizo kubwa liko kwenye huko kujipima. Msuli unaopimwa mara thelathini kwa siku unachoka, na msuli uliochoka hutetemeka na kurukaruka. Kwa hiyo kipimo chenyewe kinazalisha dalili unayoitafuta. Picha nazo zinadanganya: mkono unaotumia zaidi huwa mnene kidogo kuliko mwingine, na mwanga wa upande huchora mabonde ambayo hayapo.

Siku mbili za mwanzo usibadili chochote, hesabu tu umejipima mara ngapi. Tuseme ni 24. Siku tatu zinazofuata ziwe 12, kisha 6, kisha 3, kisha acha kabisa. Hamu ikija kabla ya zamu yake, iahirishe dakika 10 huku mikono ikiwa na kazi; hupanda, hufika kileleni, hushuka yenyewe. Wengi huharibikiwa siku ya tatu au ya nne, wasiwasi unapopanda kuliko mwanzo, wakadhani mwili unawaonya. Hapo usirudi nyuma, ni dalili kuwa mazoea yanakatika.

Angalia pia usibadilishe jina tu. Kumwuliza mwenzako "hebu tazama, huu haujapungua?" ni kujipima. Kutafuta mtandaoni ni kujipima. Kubaliana na watu wa nyumbani jibu moja: "Hilo tumemwekea daktari."

Ukibanwa na hofu, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6, dakika tano, polepole. Usivute pumzi kubwa kubwa: hewa ya kaboni hupungua mwilini, na hapo midomo na vidole huingia ganzi, hata mikono kukakamaa. Watu wengi huingiza ganzi hiyo kwenye orodha ya ugonjwa wao.

Usingizi au chakula vikikataa wiki mbili mfululizo, rudi kwa daktari wako kwa ajili ya hofu yenyewe. Mawazo ya kujidhuru yakija, nenda siku hiyohiyo. Tiba ya mazungumzo inaweza kuanza kabla majibu ya misuli hayajapatikana.

Damu_na_Chumvi:
Nyongeza. Uliza kama damu imepimwa potasiamu, kalisiamu, magneziamu, homoni za tezi ya shingo, vitamini B12 na CK (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu misuli ikiumia). CK hupanda baada ya mazoezi mazito, kwa hiyo pumzika angalau siku tatu kabla ya kutolewa damu, na huko kutembea kwa visigino kutwa ni mazoezi.

Kahawa punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili. Ukiikata ghafla kichwa kitauma nawe utaongeza dalili mpya. Usijinunulie vidonge vya "kuimarisha neva": vitamini B6 kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu huharibu neva zenyewe. Dawa ya pumu ya kuvuta na dawa za kuongeza mkojo zinaweza kuchangia mirukoruko. Usiziache, ziandike na dozi zake.

Kila usiku andika mstari mmoja: wapi palicheza, saa ulizolala, vikombe vya kahawa, na kitu ulichoshindwa kufanya. Safu hiyo ya mwisho bingwa ataitazama kwanza. Video moja ya sekunde 30 ya msuli ukicheza inatosha.

Kope_Macho:
Asanteni sana. Jana nilihesabu, ni mara 31. Bingwa akiniagiza EMG (kipimo cha umeme wa misuli na neva) nijiandae vipi?

Mshipa_Wa_Fahamu:
Kwa kawaida ni sehemu mbili. Kwanza mishtuko midogo ya umeme juu ya ngozi kupima kasi ya neva, kisha sindano nyembamba inayosikiliza msuli. Hiyo haitoi umeme. Inakera kuliko kuuma. Oga, lakini usipake losheni wala mafuta, kwa sababu vinasa umeme havitashika. Mikono na miguu iwe na joto, maana baridi hupunguza kasi ya neva na kupotosha majibu. Mwambie mpimaji mapema kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda au una kifaa cha moyo. Damu ya CK itolewe kabla ya sindano, kwani sindano yenyewe inaweza kuipandisha. Na vaa suruali pana, inayopandishika hadi juu ya goti.