Mrejesho: ruzuku ya kikundi chetu cha haki, Mathare, Nairobi

Niliuliza hapa tutapataje ruzuku ya kupinga ubomoaji wa nyumba mtaani, ilhali hatuna hesabu zilizokaguliwa. Asanteni sana mliojibu.

Kilichofaa ni kutafuta shirika lililosajiliwa litupokelee fedha. Mfadhili mmoja mdogo amekubali. Shirika linakata asilimia 10, inauma, lakini nauli za wasaidizi wa sheria na kodi ya ofisi zinalipika. Posho ya mratibu ilikataliwa. Wafadhili wakubwa hata hawakujibu.

Cheti chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 tumeshapata, na akaunti ya benki imefunguliwa.

Aliyesisitiza tusaini mkataba na shirika kabla pesa haijaingia, Mungu akubariki. Tayari tumeutumia kudai awamu ya pili iliyochelewa.