Stakabadhi ghalani: kilo zimepungua na bei si ile ya mnada. Makato yanasomwaje?

MwanaNewala

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ufafanuzi kwa anayeujua mfumo wa stakabadhi ghalani wa korosho kwa undani.

Mzee alipeleka korosho chama cha msingi (AMCOS). Mizani ilisoma kilo 412, akapewa karatasi. Mnadani ilitangazwa shilingi 2,950 kwa kilo, kwa hiyo tulitegemea 1,215,400. Benki imeingia 1,082,560. Karani anasema kilo zilizolipwa ni 398 kwa sababu ya unyaufu (korosho kupungua uzito kwa kukauka), na kilichobaki ni "makato ya kawaida".

Je, unyaufu unaruhusiwa? Makato hayo yanapangwa na nani, na mkulima ana haki ya kuyaona? Na kama kuna kosa, tunaanzia mlango upi?

Ghala_na_Mnada

Ndugu, zitenganishe hesabu mbili kwanza, maana kila moja ina mlango wake. Tofauti yote ni 132,840. Kilo 14 zilizopotea kwa bei ya mnada ni 41,300. Kinachobaki ni 91,540, ukigawa kwa kilo 398 unapata shilingi 230 kwa kila kilo. Hayo ndiyo makato. Ukienda kulalamika kwa jumla utajibiwa kwa jumla.

Tuanze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo wakulima wengi wanapochanganywa. Aliyopewa mzee siyo stakabadhi ya ghala. Ni stakabadhi ya mapokezi ya chama chenu cha msingi, inayosema tumepokea kilo kadhaa kutoka kwa fulani. Chama kikishakusanya mzigo wa wakulima wengi, kinaupakia kwenda ghala kuu lenye leseni ya Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala. Kule mzigo unapimwa upya uzito na ubora, na mwendesha ghala anatoa stakabadhi ya ghala kwa jina la chama, kwa mzigo mzima. Hiyo ndiyo hati inayotambuliwa na Sheria ya Stakabadhi za Maghala Na. 10 ya 2005. Kwa hiyo kuna mizani mbili na karatasi mbili, na kilo 14 zako zimepotelea katikati yake.

Baada ya hapo chama kikuu kinakusanya stakabadhi za vyama vyake, mzigo unaingia kwenye katalogi ukiwa umetajwa ghala, tani na daraja, kisha unapigwa mnada. Zamani zabuni ziliwekwa sandukuni. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei za wanunuzi zinaonekana kwenye skrini. Wakulima waliopo wana haki ya kuikataa bei. Wakiikubali, mnunuzi analipa kwanza benki, ndipo anapewa hati ya kutolea mzigo. Ghala haliruhusiwi kuachia gunia hata moja kabla ya hapo. Huo ndio ulinzi mkubwa kuliko wote katika mfumo huu na naomba watu wauthamini, kwa sababu kabla haujaanza Mtwara msimu wa 2007/08 korosho zilikuwa zinaondoka kijijini na fedha zinabaki kuwa ahadi.

Sasa makato. Kila kabla ya msimu hutolewa mwongozo wa masoko wenye kitu kinachoitwa mjengeko wa bei. Ni jedwali linaloonyesha kila shilingi inayotoka kati ya bei ya mnada na mkono wa mkulima: ushuru wa chama cha msingi, ushuru wa chama kikuu, usafirishaji kutoka chamani hadi ghalani, gharama za ghala, na mchango wowote uliopitishwa. Karani akisema "makato ya kawaida", mwambie akuonyeshe kila kipengele na kiasi chake. Shilingi 230 inaweza kuwa halali kabisa, na inaweza kuwa na shilingi 30 ambazo hakuna aliyezipitisha. Bila jedwali huwezi kujua.

Vipengele vinavyotoka kwenye maamuzi ya chama, kwa mfano mchango wa kujenga ghala la kijiji au darasa, lazima viwe vimepitishwa na mkutano mkuu wa wanachama na viwe kwenye muhtasari. Bodi ya chama haina mamlaka ya kuvibuni yenyewe.

Pia usikubali kuambiwa kwamba umekatwa ushuru wa mauzo ya korosho ghafi nje ya nchi. Ule analipa mnunuzi anayezisafirisha nje. Unaathiri bei anayotaja mnadani, ni kweli, lakini hauwezi kuwa mstari kwenye makato ya mkulima.

Kiini50

Naongezea upande wa unyaufu, kwa sababu hapo fizikia na uonevu vinafanana sana kwa macho.

Korosho ikipungua maji inapungua uzito. Hilo halina ubishi. Hesabu yake ni hii: chukua uzito wa mwanzo, zidisha kwa (100 toa unyevu wa mwanzo), gawa kwa (100 toa unyevu wa mwisho). Kilo 412 zilizopokelewa zikiwa na unyevu wa asilimia 12, zikakauka hadi 9, zinakuwa 412 × 88 ÷ 91, yaani kilo 398 na kidogo. Angalia, ni ile ile namba ya karani. Kwa hiyo inawezekana kabisa hakuna aliyeiba.

Lakini swali la kumuuliza ni moja: unyevu wa korosho za mzee ulipimwa siku ya mapokezi, na ukaandikwa? Chama kikipokea mzigo mbichi bila kipima unyevu, kikaupeleka ghalani, halafu upungufu wa mzigo mzima ukagawanywa kwa wakulima wote kwa asilimia sawa, basi aliyekausha siku tatu analipia maji ya aliyeleta zilizookotwa jana. Hapo kosa ni la mapokezi. Mkulima aliyekausha vizuri anapaswa kulipigia kelele kwenye mkutano mkuu.

Dawa yake iko nyumbani kabla ya kupeleka. Anika juu ya turubai au sakafu safi, tabaka jembamba, geuza mara kadhaa kwa siku, funika jioni umande usirudishe maji. Jua likiwa kali siku mbili hadi tatu zinatosha. Korosho iliyokauka ukiitikisa inacheza ndani na ganda halibonyei kwa ukucha. Lenga unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Ondoa vipande vya bibo (tunda la mkorosho) vilivyoganda, maana ndivyo vinavyoleta ukungu. Usiweke kwenye mfuko wa nailoni hata kwa usiku mmoja: korosho inatoa jasho, kiini kinabadilika rangi. Gunia la juti, juu ya chaga, mbali na ukuta.

Siku ya kupima, simama mbele ya mizani na angalia mambo matatu. Iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Isome sifuri kabla ya gunia kupanda. Na gunia tupu lipimwe peke yake, lisikadiriwe. Gunia la juti lina karibu kilo moja. Karani akikata kilo mbili kwa kila gunia, kwenye magunia matano umeacha kilo tano mezani.

Kuhusu daraja: ghalani mkaguzi anachoma magunia kwa bambo (chuma cha kuchomolea sampuli) kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, anachanganya, anachukua sampuli ya kilo moja. Anahesabu punje, anakata kila moja katikati, anatenga viini vizuri, vyenye madoa, na vibovu au vitupu. Uzito wa viini vizuri unajumlishwa na nusu ya uzito wa vyenye madoa, kisha unazidishwa kwa 0.17637. Jibu ni ratili za kiini zinazopatikana kwenye gunia la kilo 80. Mfano: gramu 265 nzuri na gramu 30 zenye madoa. Nusu ya 30 ni 15, jumla 280, mara 0.17637 ni ratili 49.4. Mnunuzi anaitazama namba hii kuliko kitu kingine chochote. Korosho changa na zilizooza unazochanganya gunia moja zinashusha namba ya mzigo wa chama kizima, kwa sababu mnauzwa pamoja.

MwanaNewala

Nimeelewa vizuri sana, asanteni. Unyevu haukuandikwa kwenye karatasi ya mzee, ni kilo tu. Swali la nyongeza: jirani wawili wamepokea na wengine wa mzigo huo huo hawajapata kitu hadi leo. Inakuwaje? Na kuna wanaosema bora kangomba, yule mchuuzi anayenunua kijijini nje ya mnada, fedha taslimu siku hiyo hiyo.

Mjumbe_wa_Mkutano_Mkuu

Kwa waliochelewa, sababu kubwa huwa kwenye orodha ya malipo. Chama kinaandaa orodha ya majina, kilo na namba za akaunti, ndiyo inayopelekwa benki. Jina la kwenye orodha likitofautiana na la benki (Saidi na Said, au jina la tatu limeachwa), malipo yanarudi. Akaunti ambayo haijaguswa tangu msimu uliopita inaweza kuwa imelala, malipo yanarudi. Tarakimu moja ikikosewa, yanarudi au, vibaya zaidi, yanaingia kwa mwingine. Kwa hiyo waende chamani waombe kuona mstari wao kwenye orodha, siyo kuuliza tu "fedha zimetoka?". Wafanye hivyo kabla ya msimu pia: toa au weka kiasi kidogo akaunti iamke, na hakikisha jina kwenye daftari la wakulima la Bodi ya Korosho linafanana na la benki na la kitambulisho. Daftari hilo hilo ndilo linalotumika kugawa pembejeo za ruzuku, salfa na viuatilifu, hivyo jina likikosewa linakuumiza mara mbili kwa mwaka.

Sababu ya pili ni kwamba mzigo wa kijiji kimoja hauendi mnada mmoja. Gari la kwanza linaweza kuuzwa wiki hii, la pili wiki ijayo na kwa bei nyingine. Ulizeni namba ya stakabadhi ya ghala na namba ya mnada kwa mzigo wa kila mmoja. Mkipata namba hizo mbili, hakuna wa kuwazungusha.

Kangomba tafadhali hapana. Anapima kwa bakuli badala ya mizani, hatoi karatasi, na ananunua kwako wakati una shida ya ada au msiba, kwa bei anayoitaka yeye. Pia ni ununuzi unaokwenda kinyume cha taratibu za zao hili, na mzigo ukikamatwa mnaumia wote. Jambo jingine ambalo watu hulichukulia kirahisi: usikubali mtu apitishe korosho zake kwa jina lako chamani. Kilo zinaandikwa kwako, makosa ya ubora yanaandikwa kwako, fedha zinaingia kwako na ugomvi unabaki kwako.

Naelewa kwamba shida haingoji mnada. Sheria imeliona hilo: stakabadhi ya ghala ina sehemu mbili, hati ya umiliki na hati ya dhamana. Hati ya dhamana inaweza kuwekwa benki na kuchukuliwa mkopo, mzigo ukiwa bado ghalani, na mkopo unakatwa mzigo ukiuzwa. Kwa korosho stakabadhi iko kwa jina la chama, kwa hiyo mkulima mmoja hawezi kwenda nayo benki. Uamuzi wa chama kukopa na kutoa malipo ya awali unapitishwa kwenye mkutano mkuu, na riba inaingia kwenye gharama zenu. Kama minada inakwenda kila wiki na mnunuzi analipa kwa wakati, mimi naona riba hiyo haina maana. Mnada ukisimama muda mrefu, ni jambo la kujadili.

Kuhusu milango ya malalamiko, Ghala_na_Mnada yuko sahihi kwamba kila hesabu ina mlango wake. Kwa makato: andika barua kwa bodi ya chama, taja kilo, tarehe, namba ya stakabadhi ya mapokezi, na uombe mchanganuo wa shilingi 230. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, nakala hiyo ndiyo unayoipeleka kwa afisa ushirika wa halmashauri, kisha kwa mrajis msaidizi wa mkoa, ambaye yuko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013 inampa mrajis uwezo wa kuagiza uchunguzi wa hesabu za chama. Kwa mizani: Wakala wa Vipimo. Kwa uzito au daraja lililobadilika ndani ya ghala kuu: Bodi ya Stakabadhi za Ghala, kwa kuwa ndiyo iliyompa mwendesha ghala leseni.

Ghala_na_Mnada

Nikubaliane na Mjumbe, ila kwenye barua ya mzee aombe kitu kimoja zaidi: nakala ya hati ya mapokezi ya ghala kuu kwa gari lililobeba mzigo wake, pamoja na orodha ya wakulima na kilo zao kwa gari hilo. Jumlisha kilo za wakulima wote, linganisha na kilo zilizosomwa ghalani. Upungufu wa gari zima ukiwa karibu asilimia 3.4 kama wa mzee, unyaufu ni wa kweli na mjadala ni wa kipima unyevu. Gari likiwa limepungua asilimia 1 tu huku wakulima wamekatwa 3.4, kilo zimebaki kwa mtu, na hapo una ushahidi wa kumpelekea mrajis.

Kiini50

Na mkutano mkuu ujao pelekeni hoja ya kununua kipima unyevu kimoja kwa kila kituo cha mapokezi, na karatasi ya mapokezi iwe na nafasi ya kuandika asilimia ya unyevu karibu na kilo. Atakayeleta mzigo wenye unyevu wa asilimia 13 arudishwe akaanike. Msipoandika hilo kwenye muhtasari msimu huu, msimu ujao mtagawana tena maji ya watu wengine.